UZI: Mzee amelazwa, sahani inarudi imejaa na hakuna anayeandika popote. Manesi wenzangu na ndugu wa wagonjwa njooni tuongee

SistaWaZamu (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Mimi ni nesi, nipo wodi ya magonjwa ya ndani hapa Tanzania, na nina jambo limenikaa kooni muda mrefu.

Mzee analetwa na nimonia, au kiharusi, au moyo umejaa maji, anaandikiwa dawa nzuri, presha inapimwa, sukari inapimwa, kila kitu kipo kwenye faili. Lakini chakula hali. Asubuhi uji vijiko viwili, mchana anageukia ukutani, jioni hotpoti inarudi nyumbani na wali uleule. Siku anaruhusiwa nimonia imepona kabisa ila hawezi kusimama bila kushikwa, mgongoni kuna kidonda kimeanza, na haichukui muda karudi tena. Ukiuliza unaambiwa "uzee huo sista". Jamani sio uzee. Mzee wa miaka 75 aliyekuwa anakwenda shambani mwezi uliopita hazeeki ndani ya siku kumi na nne. Ameisha mwili kwa kukosa chakula, na ametuishia mikononi wodini.

Na nasema wazi, mtu wa kwanza anayetakiwa kuliona hilo ni nesi. Sio kwamba daktari hana kazi, hapana, ila daktari anapita raundi asubuhi anasimama kitandani dakika chache, afisa lishe hospitali nyingi ni mmoja au hayupo kabisa na akiwepo anakuja akiitwa. Sisi ndio tunampa dawa asubuhi na usiku, tunamgeuza, tunamwogesha, tunaona mbavu, tunaona kiuno, tunaona sahani. Tusipoandika sisi hakuna mwingine atakayejua.

Msidhani ni shida ya kwetu tu kwa sababu ya umaskini. Mwaka 1994 jarida la BMJ la Uingereza lilitoa utafiti uliofanyika Dundee kule Scotland, walipima wagonjwa 500 siku ya kulazwa, 200 kati yao tayari walikuwa na utapiamlo, na chini ya nusu ya hao 200 ndio waliokuwa na chochote kuhusu lishe kwenye faili. Hospitali ina chakula, ina mizani, ina wataalamu, na bado hawakuonekana. Maana yake tatizo la kwanza ni macho yetu kutotazama, chakula kinafuata.

Sasa unamtambuaje? Nitaandika kama ninavyofanya.

Siku ya kulazwa uliza mambo matatu na uyaandike: amepungua uzito miezi hii mitatu mpaka sita bila kukusudia? hamu ya kula ikoje wiki hii? alikuwa anakula nini hasa nyumbani? Mzee mwenyewe huwa anasema "nakula vizuri tu mwanangu" maana hataki kuwasumbua watoto, kwa hiyo muulize na anayeishi naye, na uangalie ushahidi: mkanda una tundu jipya limetobolewa kwa msumari, pete imefungwa uzi isidondoke, meno ya bandia yanacheza, gauni limekunjwa likashikizwa pini. Halafu tazama uso pembeni ya paji kama pamebonyea, mabega kama mfupa umechomoza, na ile nyama kati ya kidole gumba na cha shahada kama imekauka.

Kisha pima. Akiweza kusimama mpandishe kwenye mizani. Aliyekuwa na kilo 60 akawa na 54 ameshapoteza asilimia 10, hiyo ni hatari kubwa hata kama kwa macho anaonekana wa kawaida. Asipoweza kusimama, na wengi hawawezi, chukua futi ya fundi cherehani tu, haina gharama. Mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko ukiwa chini ya sentimita 23.5 ujue huyo huenda ni mwembamba kupita kiasi. Mzunguko wa kigimbi, pale penye unene zaidi, ukiwa chini ya sentimita 31 kwa mzee, misuli imekwisha. Dakika moja tu.

Tahadhari mbili. Maji yanadanganya: mgonjwa wa moyo, ini au figo miguu imevimba, mizani inasoma kilo 70 kumbe nyama hakuna, ukimpa dawa ya kukojoa akakojoa ndio unamwona alivyo. Na mnene naye anaweza kuwa na utapiamlo, mama ana tumbo na nyonga kubwa lakini misuli ya mapaja imeisha, hawezi kuinuka kwenye kiti. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote.

Kuhusu sahani nitarudi, acha niwasikie kwanza.

---

Mjukuu_wa_Bibi

Sista asante kwa huu uzi, umenigusa. Bibi alilazwa mwaka jana hospitali moja ya mkoa, alikuwa hali kabisa ila sisi hatukuwa na wasiwasi kwa sababu kila siku anatundikiwa dripu, tukawa tunaambiana mpaka kwenye grupu la familia kwamba leo kaongezewa chupa tatu kwa hiyo nguvu zipo. Hivi ile dripu ina chakula kiasi gani?

---

SistaWaZamu

@Mjukuu_wa_Bibi swali zuri sana, na familia nyingi mno zinaamini hivyo. Dripu ya chumvi, ile normal saline, haina chakula chochote, ni maji na chumvi. Ile ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari kwenye chupa ya nusu lita, sawa na vijiko vitano sita vya chai, kalori hazifiki hata 100. Chupa tatu ni kalori kama 250 hivi. Mzee wa kilo 50 akiwa mgonjwa anahitaji kama 1,500 kwa siku na protini gramu 50 mpaka 75. Protini kwenye dripu hiyo ni sifuri. Kwa hiyo bibi wa dripu tatu bila kula anafunga, mwili unakula misuli yake wenyewe, pamoja na misuli ya kupumulia na ya kukohoa, ndio unaona nimonia haiponi.

Dripu ina kazi yake, inaokoa maisha, msije mkamkatalia daktari. Ila isiitwe chakula. Na sisi manesi tunapotundika tuseme hivyo hivyo kwa ndugu, ni sentensi moja tu.

---

Zamu_ya_Usiku

Mkuu naheshimu hoja ila tuwe wakweli. Usiku nipo mimi na mhudumu mmoja, wodi imejaa mpaka wengine wapo chini kwenye magodoro, kuna wa oksijeni, kuna anayedegedeka, kuna wa damu, halafu uniambie nizunguke na futi kupima vigimbi vya wazee? Tukiongezewa karatasi nyingine ya kujaza watu watajaza uongo, tunajuana.

---

SistaWaZamu

@Zamu_ya_Usiku nakuelewa kabisa, mimi pia usiku huwa peke yangu. Ndio maana sisemi tuongeze karatasi. Kipimo ni mara moja siku ya kulazwa, ukiwa tayari umeshika ule mkono unafunga mashine ya presha, halafu mara moja kwa wiki. Usiku wa manane hakuna haja.

Na sahani anaandika ndugu. Kwetu chakula kinaletwa na ndugu, analisha ndugu, kwa hiyo anayejua kimeliwa kiasi gani ni yeye. Mimi nampa kipande cha karatasi namwambia kila mlo andika: yote, nusu, robo, hakugusa. Hajui kuandika? Achore duara la sahani apake sehemu iliyoliwa. Nikipita na dawa nasoma, naingiza kwenye ile chati ya maji yanayoingia na kutoka ambayo tunaijaza kila siku. Ikifika siku ya tatu robo robo robo, hiyo naipeleka raundi kama ninavyopeleka homa ya 39, naisema kwa sauti, na kwenye kukabidhiana zamu naitaja. "Kitanda cha 7 siku tatu anakula robo" ina uzito kuliko "anaendelea vizuri" tunayoandika kila siku.

---

Nesi_Ughaibuni

Nipo Uingereza, wodi ya wazee, nawapa ya huku. Mwongozo wa NICE, taasisi ya huku inayotoa miongozo ya matibabu, wa 2006 unasema kila anayelazwa apimwe hatari ya utapiamlo siku ya kuingia na kila wiki. Tunatumia kipimo kinaitwa MUST, kimeanza 2003, kina hatua: BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ikiwa 18.5 mpaka 20 pointi 1, chini ya 18.5 pointi 2. Uzito uliopungua asilimia 5 mpaka 10 pointi 1, zaidi ya 10 pointi 2. Mwenye ugonjwa mkali wa ghafla ambaye hajala au hatarajiwi kula zaidi ya siku tano anaongezewa 2. Jumla ikifika 2 ni hatari kubwa, afisa lishe anaitwa. Kuna na kingine cha wazee peke yao, MNA fupi, maswali sita, alama 14, ukipata 7 kushuka chini una utapiamlo, na chenyewe kinakubali kigimbi badala ya BMI kama alivyosema mleta uzi.

Hospitali nyingi huku mzee anayehitaji kulishwa analetewa chakula kwenye trei nyekundu ili kila mtu ajue hapo usiweke tu ukaondoka, na saa ya kula raundi na vipimo visivyo vya dharura vinasimama. Hilo la pili ndilo ningependa nyumbani waige maana halina gharama. Nimefanya kazi Tanzania kabla sijaja, saa saba mchana ndugu ndio wameingia na chakula, hapohapo anakuja mtu wa picha za X-ray anamchukua mzee, anarudi saa tisa ndugu wameshatolewa getini na chakula kimepoa. Mzee amelala njaa na hakuna aliyekusudia.

Ila pia niseme, huku watu wanajaza MUST vizuri kabisa pointi 3, halafu hakuna kinachofuata. Namba bila hatua haimshibishi mtu.

---

SistaWaZamu

@Nesi_Ughaibuni hapo mwisho umesema jambo kubwa. Na ndio nirudi kwenye sahani, kwa sababu nesi akishaona mzee hali, swali linalofuata ni KWANINI, na sababu nyingi hazihitaji daktari.

Kanula, ile sindano ya dripu, imechomwa mkono wa kulia, imefungwa plasta mpaka kiganjani. Mzee wa kwetu hawezi kula kwa mkono wa kushoto, kwake ni aibu, bora asile. Hamishia kushoto, au mtafutie kijiko na umwambie ndugu amsaidie. Nimeona wazee wanaanza kula siku hiyohiyo.

Meno ya bandia yamebaki nyumbani kwenye glasi dirishani. Piga simu yaletwe.

Mdomo haujasafishwa tangu aingie, ulimi mweupe fangasi, kila anachomeza kinawasha. Fungua mdomo uangalie kwa tochi, kila siku. Kuna na dawa zinaharibu ladha, metronidazole inafanya kila kitu kiwe na ladha ya chuma, mwambie mapema asidhani chakula kimeharibika.

Kiharusi kimempiga upande mmoja, sahani umeiweka upande asiouona. Anakula nusu ya sahani, nusu nyingine kwake haipo. Izungushe.

Hajapata choo siku tano, tumbo gumu, unamlazimisha ugali.

Na hii ndiyo nzito kuliko zote na haisemwi: wengi wanakataa chakula makusudi ili wasiende haja. Baba mzima anayemhudumia ni mkwe wake au binti yake, kuomba beseni mbele ya wodi nzima kwake ni kifo, kwa hiyo anahesabu, asipokula hatojisaidia. Mama wa pwani hata maji hanywi. Huwezi kulijua hili kwa kusoma faili, unalijua kwa kukaa pembeni yake na kuuliza polepole watu wakiwa wametoka. Dawa yake ni pazia, mhudumu wa jinsia yake, na kumpeleka msalani kwa kiti saa anayotaka yeye. Nesi mwenye heshima kwa mzee hapo anaokoa maisha kuliko vitamini yoyote.

Halafu wale wa upasuaji. Bibi kavunjika nyonga, anaambiwa asile tangu usiku, saa nane mchana unaambiwa operesheni imeahirishwa, kesho tena hivyohivyo, na keshokutwa. Nesi ndiye mwenye sauti hapo: uliza saa nne asubuhi kama leo anaingia au haingii, kama haingii ale sasa hivi.

---

Lishe_Kwanza

Mimi ni afisa lishe. Mleta uzi Mungu akubariki, laiti kila wodi ingekuwa inaniita siku ya pili na sio siku ya ishirini.

Niongeze kwenye chakula chenyewe. Uji mwepesi unaonyweka kwenye chupa ni maji yenye rangi. Ukiufanya mzito mzee anachoka kumeza. Suluhisho la wenyeji lipo, kimea: ulezi au mtama ulioota ukakaushwa ukasagwa, ukiweka kijiko cha unga wa kimea kwenye uji mzito ukiwa wa uvuguvugu unalainika wenyewe, kwa hiyo unaweza kuweka unga mara mbili na bado ukanyweka. Urudishe motoni kidogo uchemke. Ongeza karanga iliyosagwa, maziwa, kijiko cha mafuta, yai. Yai moja ni gramu 6 za protini, glasi ya maziwa kama 8. Unga wa dagaa kwenye mchuzi. Parachichi lililopondwa. Milo midogo sita ni bora kuliko mitatu mikubwa. Supu ya mifupa ikichujwa nyama haina kitu, mpeni na nyama yenyewe imesagwa. Glukosi ya kopo ni sukari tu, sawa na soda.

Onyo kubwa: mzee ambaye hajala chochote siku kumi au zaidi, au amekonda kupita kiasi, msimjaze chakula siku moja kwa furaha. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi ghafla, madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu yanaporomoka kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Anaanzishwa kidogo kidogo, anapewa thiamini (vitamini B1) kabla, anapimwa damu. Hapo mwiteni daktari na sisi, hili sio la ndugu peke yao.

Na wanaosema lishe ni mapambo: mwaka 2019 jarida la Lancet walitoa utafiti wa hospitali nane za Uswisi, wagonjwa zaidi ya 2,000 waliokuwa kwenye hatari ya utapiamlo, nusu walipangiwa chakula kulingana na mahitaji yao, nusu wakala chakula cha kawaida cha hospitali. Ndani ya siku 30 waliofariki ni kama asilimia 7 kwa waliopangiwa, na 10 kwa wengine. Kuna dawa za bei mbaya hazifikishi hapo.

---

Mtoto_wa_Kwanza

Baba yangu ana presha na kisukari, tuliambiwa asile chumvi, sukari, mafuta, nyama nyekundu, wali. Sasa amebaki na mchicha wa kuchemsha na ugali wa dona, kapukutika. Na juzi akila anapaliwa, anakohoa sana. Tufanyeje?

---

SistaWaZamu

@Mtoto_wa_Kwanza hayo ni mambo mawili, nianze na la hatari. Kupaliwa, hasa kama aliwahi kupata kiharusi, au sauti inakuwa kama ina maji baada ya kumeza, simamisha kumlisha umwambie nesi au daktari LEO. Chakula kinaweza kuwa kinaingia kwenye mapafu. Asilishwe amelala hata siku moja, akae wima kabisa, kidogo kidogo, asubiri ameze kabla ya kijiko kingine, na abaki amekaa nusu saa baada ya kula. Ikionekana hawezi kumeza salama anaweza kuwekewa mpira wa puani wa kulishia. Najua familia nyingi zinauogopa mpira huo zinaona ndio mwisho, wengi wanautumia kwa muda, wanapona unatolewa.

La pili, hayo masharti. Mzee aliyekonda na anayeendelea kukonda, hatari iliyo mbele yake leo ni njaa. Rudini kwa daktari na swali moja: "baba amepungua kilo kadhaa, masharti yapi tulegeze?" Mara nyingi mayai, samaki, maharage, mafuta kiasi vinarudishwa na dawa ya sukari inapangwa upya. Kama ana figo msiongeze protini wenyewe, hapo lazima apangiwe.

---

Zamu_ya_Usiku

Sawa mkuu, kwa hilo la kuandika sahani nimekubali, nitaongea na in-charge wa wodi tulijaribu. Swali langu, mzee wa saratani ya mwisho kabisa, ndugu wanamlazimisha kijiko mpaka analia. Huyo naye tumpime?

---

SistaWaZamu

Hapana, huyo ni tofauti. Mtu aliye siku zake za mwisho mwili unafunga wenyewe na kumlazimisha ni kumtesa. Anapewa anachotaka, kijiko cha juisi, maji ya kulowesha midomo, mdomo usafishwe. Ila uamuzi kwamba ni siku za mwisho ufanywe na timu pamoja na familia na uandikwe. Usiwe uamuzi wa kimyakimya wa mtu aliyeona mvi akadhani ndio basi. Wengi tunaowahesabu wamefika mwisho walikuwa na fangasi mdomoni tu.

---

Mjukuu_wa_Bibi

Sista swali la mwisho, mama mdogo amelazwa na anaruhusiwa kesho, amekonda. Tuombe nini kabla hatujatoka?

---

SistaWaZamu

Ombeni apimwe uzito kesho asubuhi na muuandike kwenye daftari lake la kliniki, na mkono upimwe kama hawezi kusimama. Ombeni kwenye karatasi ya ruhusa iandikwe kwamba amepungua uzito, sio ugonjwa peke yake, ili kliniki ya marudio wajue pa kuanzia. Muulizeni nesi alikuwa anakula kiasi gani hizi siku tatu na ni kipi alikuwa anakikubali. Dawa zipi ni za kabla ya chakula na zipi za baada. Nyumbani pimeni uzito kila wiki kwenye mizani ileile, hata ya duka la dawa. Akiendelea kushuka wiki mbili mfululizo mrudishe kabla ya tarehe ya kliniki. Na kama hospitali ina afisa lishe msitoke bila kumwona, atakuja ukimuulizia.

@Lishe_Kwanza ukipata nafasi tuwekee hapa vipimo vya uji wa kimea, kikombe kwa kikombe, watu wameniomba sana inbox.

---

Lishe_Kwanza

Nipo kazini, naweka jioni. Kwa sasa wanaotaka kuanza: loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili tatu mpaka uote vijimizizi vifupi, anika ukauke kabisa, sagisha. Ukiona ukungu wowote mwaga wote, usichambue.